Mwanga wa Kuwatosha Wawili

Kupamba kwetu Malindi ni shughuli ya wanawake peke yao. Bibi harusi hukalishwa jukwaani na mapambo yake, macho chini, na sisi wengine huvua mabuibui mlangoni ili tuonyeshane yaliyokuwa yamefichwa. Simu zote hukusanywa. Mpiga picha huwa mmoja tu, mwanamke, na miaka hii ya karibuni mara nyingi huwa mimi. Picha nisiyoipiga haipo.

Siku hiyo bibi harusi alikuwa msichana wa Ganze, kijijini huko bara, aliyeolewa na watu wa mji wa kale. Mamake alichelewa kufika. Mlangoni alisimama shangazi wa bwana harusi, akamtazama juu mpaka chini.

"Karibu. Wewe ni nani wake bibi harusi?"

"Mamake."

"Mama wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

Akaingia, lakini buibui hakulivua. Hakuwa na gauni la kushindana na yale ya mle ndani. Alikaa nyuma kabisa, na kila aliyejibanza kando yake alimuuliza swali lile lile, naye akajibu kwa upole ambao mimi sina. Hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua.

Mwishowe akanijia. "Mwanangu, nipige na yeye. Moja tu. Mumewe amchukua kesho, wenda Maskati. Nataka mtu akiiona hiyo picha asiniulize mimi ni nani wake."

Nikampandisha jukwaani. Katika shughuli kama hizi flashi huiachia otomatiki, ijipimie yenyewe, maana watu hawatulii. Ikaona weusi wa buibui, ikadhani ukumbi mzima ni kiza, ikamwaga mwanga wote. Mama alionekana vizuri, ila bibi harusi, aliyepakwa poda tabaka juu ya tabaka, akawa kama karatasi. Nikaelekeza lenzi kwenye gauni jeupe. Sasa flashi ikabania mwanga, na mama akabaki macho tu. Picha mbili, na katika zote mbili ungedhani hawa hawajuani.

Shangazi alichungulia skrini, akapenda ile ya kwanza. "Ametoka mweupe, mashaallah. Haya, na wengine wapate nafasi."

Nilijitia hamnazo. Ilinikera kwamba mashine ilikuwa na maoni sawa na ya mlangoni. Nikaizima otomatiki, nikaanza kuipimia flashi mwenyewe. Robo ya nguvu: poda ya binti iling'aa, buibui likaumeza mwanga uliobaki. Nikapunguza, mama akazama. Nikaongeza, binti akaungua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kugeuza kiasi peke yake hakutoshi, lazima nichague mwanga umfikie nani kwanza. Ningeugongesha darini au ukutani, urudi kwao kwa upande niutakao, lakini dari ilikuwa ya kijani na mapazia ya dhahabu, na mwanga ukigonga rangi hurudi na rangi hiyo.

"Kuna mwenye kitambaa cheupe?" nikauliza.

Mama akafungua mkoba wake. "Nna nguo yangu ya kuswalia. Ni safi. Sikujua nitaswali wapi huku."

Nikaichukua, nikamkabidhi shangazi, nikamwonyesha pa kusimama, upande wa mama. Alishangaa kuamrishwa, lakini akaikunjua na kuishika juu. Nikageuza kichwa cha flashi, kikalipa jukwaa kisogo na kutazama ile nguo, kisha nikaipandisha nguvu hadi nusu, kwa sababu kitambaa hula mwanga. Nikapiga. Mwanga ulizidi kidogo. Nikashusha, nikapiga tena.

Mwanga uligonga nguo, ukarudi kwa mama kwanza, na binti akapata uliosalia. Chini ya poda ngozi yake ilirejea. Paji la uso lile lile pana, kidevu kile kile, mdomo wa chini uliobanwa vile vile. Binti alikuwa ametazama chini kama alivyofunzwa. Mama naye alikuwa ametazama chini, na yeye hakufunzwa na mtu.

Nikamwonyesha mama. Aliikodolea macho skrini, akaigusa kwa ncha ya kidole, halafu akamgeuzia shangazi kamera.

Shangazi alitazama, nguo bado mikononi. Akamtazama mama, akatazama tena skrini. Kisha akaikunja ile nguo taratibu, pembe kwa pembe, akamrudishia mama kwa mikono miwili. Akawageukia wanawake waliokuwa wamekaa viti vya mbele.

"Mpisheni mamake bibi harusi," akasema.

Machozi yalinilengalenga. Nikainama, nikajifanya nabadilisha betri.