Udongo Uliokwisha Kuona Moto

Kuna siku moja naikumbuka hata leo, mwanangu, kana kwamba moshi wake ungali nguoni mwangu. Ni siku niliyomfukuza mama mmoja aliyekuja kuokota vigae vyangu vilivyovunjika. Keti kidogo nikusimulie. Kosa la mzee ni mali ya kijana. Ukilisikia mapema, huenda usilirudie.

Nilikuwa kijana hapa Kamina, wakati Base, ile kambi kubwa ya jeshi la Wabelgiji, ilikuwa inajengwa. Mabati yote yaliyoshuka kwenye treni yalipandishwa lori yakaenda huko. Misheni ilikuwa na nyumba moja ambamo mama zetu walikuja kuzaa, na paa lake lilikuwa nyasi zilizooza. Padiri akasema tutaiezeka kwa vigae vya udongo kabla ya mvua. Nani anaweza? Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimesoma madarasa matatu tu, lakini ndoto zangu zingejaza behewa: niliona Kamina nzima imevaa mapaa mekundu, na watu wakisema, ile ni kazi ya Banza.

Udongo niliuchimba kwenye kichuguu, kama tulivyofanya kwa matofali. Tanuru la kwanza, vigae vikapasuka. La pili, vikapasuka tena, na safari hii nilivisikia vikilia ndani ya moto kama mahindi ya kukaanga. Padiri hakunigombeza. Alitazama mawingu, akasema, "Banza, limebaki tanuru moja. Likishindikana utarudi kwenye matofali, na mama zetu watazaa tena chini ya mvua." Hilo la mama zetu njo liliniuma, ndilo hasa.

Kesho yake nikamkuta Ina Numbi, yaani Mama Numbi, ameinama kwenye rundo la vipande vyangu, anajaza kikapu. Alikuwa mjane, alitoka upande wa Mulongo, kwenye mabwawa ya Lualaba, akifinyanga vyungu na kuviuza sokoni. Sisi watu wa mji tulimcheka kwa Kiluba chake cha wavuvi.

"Mama, rudia kwako," nikamwambia. "Unataka kupeleka aibu yangu ku soko?"

"Aibu haina uzito, mutoto. Bipande njo iko na uzito. Unisaidie kutwika."

Nikamnyang'anya kikapu, nikakimwaga. Naam, mikono hii unayoiona. Yeye hakutukana. Alijipangusa vumbi, akasema, "Mimi nilizania unajua kazi yake." Akaenda zake.

Neno lile lilinikaa kifuani siku mbili. Kazi gani ya vipande? Siku ya tatu nikaenda kwake, na si safari ndogo, mwanangu. Kwetu udongo wa vyungu ni wa wanawake, na mwanamume akisogea karibu, wanasema vyungu vitapasuka. Nilisimama mbali, nikapiga makofi polepole kama tunavyowasalimu wakubwa.

"Vyako vilishaka kupasuka," akasema bila kugeuka. "Karibia tu, hautaharibu kintu."

Wanawake waliokuwa naye wakacheka mpaka mmoja akakiachia chungu chake. Lakini alinionyesha. Alikuwa akitwanga vyungu vya zamani, anachekecha unga wake, anauchanganya na udongo mpya.

"Tofali iko nene, inavumilia," akasema. "Kintu ya bwembamba haivumilie. Udongo mubichi haijue moto. Changisha na ile ilishaka kuona moto. Na usianike ku jua, anika ku kivuli."

Kisha akanisukumia kinu na mtwangio. Mimi, mwanamume, nitwange mbele ya njia? Nilitwanga vile vigae vyangu vilivyovunjika, mwanangu, siku nne. Wenzangu wa matofali wakipita waliniuliza, "Fundi, bukari itaiva saa ngapi?" wakimaanisha ugali. Na mmoja, "Tukuletee na kitambaa cha kichwa?" Jasho na vumbi jekundu vilinifanya nifanane na vigae vyenyewe. Kupotea njia ndiko kujua njia, walisema wahenga, lakini hawakutuambia kwamba mabega yatauma.

Nikafinyanga vigae vipya kwa mchanganyiko ule, nikavianika kivulini, nikavichoma. Tanuru hilo la tatu tulilifungua mawingu yakiwa yamekaa tayari. Nilikigonga kigae cha kwanza kwa kidole, kikalia kama kengele. Cha pili, vilevile. Vilivyopasuka havikujaza karai moja.

Padiri akanishika bega mbele ya wafanyakazi wote. "Mnaona faida ya shule? Banza ametumia akili."

Hapo, mwanangu, njo palikuwa na moto wenyewe. Kunyamaza kulikuwa kutamu. Niliona wale waliokuwa wakinicheka wananitazama kwa heshima, nikajua nikisema watacheka tena.

"Padiri, ni akili ya Ina Numbi, yule wa vyungu," nikasema. Wakacheka kweli. Padiri hakucheka, alituma mtu amwite.

Akaja, akagonga kigae, akasikiliza. "Iko inalia muzuri," akasema. Kisha akanitazama. "Kesho ulete kinu ingine. Yangu umeishaka kuitoboa."

Mvua ilipoanguka, nyumba ile ilikuwa kavu.

Basi, mwanangu, nakuachia haya. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, hata yule ambaye lugha yake inakuchekesha. Ukikutana na mtu, usiulize kwanza ametoka wapi. Uliza anajua nini. Kazi usiyoizoea isikutie haya. Shika mtwangio, wacha wapita njia waseme. Na ukishafundishwa, mtaje aliyekufundisha, hasa pale ambapo kumtaja kutakupunguzia sifa.

Vidye, Mungu wetu, akupe masikio mapana kuliko mdomo. Akuletee watu usiowatazamia, nawe uwe nyumbani moyoni mwako wanapobisha. Uende vizuri, mwanangu.