Sufuria ya Mama na Kodi ya Baba

Enzi zetu, wenzangu mliobakiwa na meno mawili matatu, sufuria haikuwa kitu cha kutupwa uvunguni. Ilisuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa, halafu ikaanikwa uani ikiwa tupu, ili kila apitaye njia aione na akasimulie huko mbele. Wajukuu zangu nikiwaambia hivyo wanacheka. Wao huiacha nje usiku kucha na makoko yake, ukiuliza wanakujibu, "Bibi, tumeiloweka." Haya, ilowekeni.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Sindeni, na nchi wakati huo ilikuwa ya Mdachi. Tulicheza mdako mpaka kucha zikaisha, tukiimba na kugombana juu ya kokoto kana kwamba ni lulu. Tulikula kunde changa na mlenda, na mwezi wa njaa tulikula chochote kilichokubali kuiva. Lakini kinachonijia kwanza nikifumba macho ni harufu ya vyungu vikichomwa, ule moshi wa magome na mavi makavu ya ng'ombe, kwa sababu mama yangu alikuwa mfinyanzi. Walimjua mpaka Kwamsisi.

Mnakumbuka chungu kilivyouzwa? Hapakuwa na kuvutana. Mtu alikuja na mahindi au mtama wake, akakijaza chungu mpaka mdomoni, akazimimina zile nafaka kwenye ungo wa mama, akaondoka na chungu chake. Hiyo ndiyo bei. Kwa hiyo mama alipenda sana vyungu vyenye tumbo kubwa. Alikuwa akilipapasa lile tumbo udongo ukiwa bado mbichi na kuniambia, "Zaina, tumbo hili ndilo litakalotulisha." Mkono wake ulizoea hivyo maisha yote, na mkono huo huo ndio uliokuja kutuponza.

Mwaka mmoja, katikati ya mwezi wa njaa, tulikwenda Handeni kununua chumvi. Kulikuwa na duka la Mhindi mmoja ambaye sisi watoto tulimwita Baadaye, maana neno hilo halikumbanduka kinywani. Alikuwa mtu mwema kwa watoto, kila mara alitumegea kipande cha sukari guru. Juu ya kichwa chake zilining'inia sufuria tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Mama alikuwa akizitazama tangu mwaka uliopita, na Baadaye alikuwa akimtazama anavyozitazama.

"Mama, chukua moja," akamwambia.

"Sina kitu, bwana."

"Nani kakuomba kitu leo? Chukua sasa, utalipa baadaye. Ufuta ukivunwa utaijaza hiyo hiyo mara tatu, uniletee. Basi. Ila usichelewe. Kila mwaka unaochelewa unaongeza sufuria moja."

Mama akahesabu kwa vidole. Mara tatu! Chungu hulipwa kwa kujazwa mara moja tu. Lakini jirani yetu alikuwa nayo, na mke wa jumbe alikuwa nazo mbili. Mama akainua mkono, na mkono ukaenda wenyewe, moja kwa moja, kwenye ile yenye tumbo kubwa kuliko zote.

Tulirudi nyumbani nikiwa nimeivaa kichwani kama kofia, nikiigonga kwa kijiti njia nzima. Baba alipoelezwa masharti alikaa chini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka taratibu, na siku ile alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mke wangu," akasema, "siku zote wewe ndiye unayejaziwa. Safari hii ni wewe utakayejaza! Kwa nini hukuchukua ndogo?"

Ndipo mama akajishika mdomo. Wallahi hakuwa amefikiri. Bibi, mama yake baba, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe, akamalizia: "Waliosema mfinyanzi hulia gaeni walikuwa na akili zao. Kukopa harusi, kulipa matanga. Haya, leo tupo harusini, nipikieni humo nionje."

Tukapika. Ugali ukaiva upesi, na mimi nikaona hakuna nyumba tajiri kama yetu kuanzia pale mpaka pwani.

Sasa, wenzangu mnajua ufuta ulikuwa na kazi gani nyingine. Kodi. Kila nyumba rupia tatu, na akida hakutaka kusikia habari za mvua. Asiye na rupia alichukuliwa na askari wa boma kwenda kufanya kazi ya kulipia, barabarani au kwenye mashamba makubwa ya Wazungu huko upande wa Korogwe. Baba yake Mwanahawa, rafiki yangu wa mdako, alichukuliwa hivyo mwaka wa nyuma yake. Walisema ni miezi michache. Tulikula mavuno mawili hajarudi, na hakuna aliyejua akaulizwe nani. Mama yake Mwanahawa kila jioni alimwekea chakula chake, kisha akampa mbwa.

Mwaka ule mvua ilikatika ufuta ukiwa kwenye maua. Tulipomaliza kupepeta, ufuta wetu wote ulijaza sufuria mara moja tu. Bibi akasema tuufiche tuuze kwa ajili ya kodi. Baba akakataa. "Ahadi ni deni," akasema. "Yule mtu alitoa mali yake kwa neno letu." Akaubeba mwenyewe mpaka Handeni. Zikabaki mbili za kulipa mwaka wa pili, na kwa ule mkataba wa kuchelewa zikawa tatu tena, kana kwamba hatukulipa kitu.

Kwa nta na mbuzi mmoja baba akapata rupia mbili. Ikapungua moja. Rupia moja, jamani! Jumbe akapita akitangaza kwamba mwezi ukiandama akida atakuja kukusanya. Mimi nikaacha mdako. Nikawa namfuata baba kila anakokwenda, shambani, kisimani, hata akienda kujisaidia nilimsubiri njiani. Akaniuliza, "Zaina, umekuwa mkia wangu?" Nikaushika mkono wake. Nilikuwa nawaza yule mbwa wa kina Mwanahawa.

Mama aliingia bondeni akachimba udongo akafinyanga vyungu saba. Viwili vikapasuka motoni, vikabaki vitano. Huku kwetu chungu kililipwa nafaka, na akida hataki nafaka. Lakini Korogwe, penye reli, watu walilipa hela, tena hela ishirini kwa chungu. Vitano ni rupia moja kamili. Baba asingeweza kwenda, maana mtu asiye na cheti cha kodi akikutana na askari njiani ndiyo basi tena. Tukaenda mimi na mama. Vyungu vinne alivipanga ndani ya ile sufuria kubwa, akavishindilia nyasi kavu, akajitwika. Cha tano, kidogo, nikajitwika mimi.

Tulitembea siku mbili. Siku ya pili tuliiona milima ya Usambara imesimama mbele yetu, buluu, na mama akanionyesha upande wa Mombo, reli inakoelekea. Tukavuka mto Pangani, tukaingia Korogwe. Sijawahi kuona watu wengi namna ile. Wanawake wa Kisambaa wameteremka na ndizi na viazi, Wanyamwezi wa mashambani wanaongea lugha yao, na harufu ya makaa na moshi mzito. Nikamwambia mama miguu inauma. Akasema, "Tumefika, mwanangu. Pale njia inapobana tunakaa chini tunauza."

Hatukufika pale. Nyuma yetu gari la moshi likapiga kelele.

Nani alikuwa ameniambia kwamba chuma kinalia? Nilikitupa chungu changu, nikamrukia mama kiunoni kwa nguvu zangu zote. Mama akayumba, tukaanguka wote wawili. Sufuria ikamtoka kichwani ikaanguka kwenye mawe, ikabingirika, na vyungu vikatoka kimoja kimoja, pa, pa, pa. Gari la moshi likapita zake na watu wake wakichungulia. Tulipoinuka kilikuwa kimesalia chungu kimoja kizima. Na sufuria, bila shaka. Yenyewe ilipata kibonyo kimoja tu ubavuni.

Nilingoja kupigwa. Ningeshukuru kama ningepigwa. Mama alikaa chini katikati ya magae, akaniangalia, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio pale pale, na mimi nikalia kwa sauti kuliko lile gari. "Baba wanamchukua," nikawa nasema. "Baba wanamchukua, mimi ndiye niliyevunja."

Akaja mtu mmoja mwenye kanzu iliyojaa masizi. Alikuwa mpishi wa kambi ya vibarua. Akatupa pole, akanunua kile chungu kimoja kwa hela ishirini, lakini macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

"Hii nayo unauza, mama? Nakupa rupia moja na nusu."

Mama aliishika sufuria kwa mikono miwili. Yule mpishi akaishika upande wa pili, taratibu, na mama hakuachia.

"Mama, niuzie au usiniuzie. Watu wangu wana njaa."

"Watu wako," mama akasema, "kuna wa Handeni?"

"Wapo."

"Wanarudi lini kwao?"

Yule mpishi akatazama pembeni. "Mama," akasema, "mimi napika tu."

Mama akaachia.

Tulirudi na rupia, na hela za kutosha kununua chumvi na mkungu wa ndizi. Njiani alinibeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, na hakunisema hata neno moja. Baba alitupokea nje ya kijiji. Akamtazama mama kichwani, akaona patupu, akaelewa yote kabla hatujaeleza. "Umekwenda kuuza vyungu," akasema, "umeuza sufuria." Kisha akacheka kile kicheko chake cha taratibu, na bibi naye, ambaye siku hizo alikuwa halali kwa hofu, akapata nguvu ya kumtukana mama jioni nzima.

Akida alikuja mwezi ulipoandama. Baba akampa rupia tatu mkononi, akapewa cheti, akatoka jembe begani kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nilikwenda kwa Mwanahawa tukacheza mdako, na nilimwachia ashinde mara zote.

Mwaka uliofuata ufuta ulikubali. Tulimpelekea Baadaye ufuta wa sufuria zake tatu, akaupima kwa ile ya kati iliyobaki dukani, mara moja na nusu kwa kila moja, kwa kukisia. Jumla tulilipa kujaza mara nne kwa sufuria iliyokuwa ikiwapikia watu wengine Korogwe. Mama alipomsimulia kisa chote, yule Mhindi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Hakupunguza hata punje moja, ila mimi aliniongezea sukari guru. Siwezi kumchukia mtu yule, nimejaribu nimeshindwa.

Nyumbani tukarudi kwenye chungu. Na kila jioni, mpaka anazeeka, baba alimega tonge la kwanza akasema ugali wa chunguni una ladha yake. Muongo mkubwa, Mungu amrehemu. Alikuwa akilisema hilo akimtazama mama, na mama alikuwa akijifanya hasikii.

Vijana wa sasa nao wanakopa, tena kuliko sisi. Kitanda cha chuma, kabati la vioo, baiskeli yenye kengele mbili, vyote kwa kulipa kidogo kidogo. Mwenye duka akija, baba mwenye nyumba anajificha nyuma ya kabati hilo hilo la mkopo, na kwa kuwa ni la vioo anaonekana. Nawacheka, lakini siwacheki sana.

Maana mwanangu wa mwisho aliniletea redio. "Mama, usikae mpweke," akaniambia. Nzuri, pana kama ungo, ina vitufe vyeupe. Aliikopa dukani Korogwe, na ili ailipe akaenda kuandikishwa kwenye mkonge. Alisema ni miezi michache. Huu ni mwaka wa pili sasa. Juzi nilijifunga kanga nikaenda kwa mwenye duka nikamwambia, chukua kitu chako, unirudishie mtoto. Akanijibu kwa heshima kabisa, "Shikamoo, bibi. Redio ikishatumika hairudi."

Basi ipo mezani, nimeifunika kitambaa. Inaniambia mvua itakayonyesha Dodoma na bei ya pamba Mwanza. Kila asubuhi inaniuliza habari za kuamka, kwa sauti nzuri, na mimi, mjinga, huwa naijibu.