Kigoda cha Babu Nyuma ya Kamba

Niliingia makumbusho ya Iringa kukwepa mvua. Nilikuwa nimetoka Rujewa kwenye mashine za kukoboa mpunga, kibarua kimeisha, natafuta kingine. Jengo ni la Wajerumani, kuta za mawe nene mno, ukiwa ndani husikii mvua tena. Siiamini nyumba ya namna hiyo.

Dada aliyekuwa akiongoza wageni alitazama viatu vyangu vya matope, kisha akanifuata chumba hadi chumba. Mgeni nilikuwa peke yangu.

Chumba cha tatu nikasimama. Nyuma ya kamba palikuwa na kigoda cha miguu mitatu, mguu mmoja umefungwa waya wa shaba. Kibao kilisema: Kigoda cha mtawala. Babu yangu hakuwahi kutawala hata mbuzi wake.

Kwetu, njia ya Idodi, mrithi huketishwa kwenye kigoda cha marehemu mbele ya ukoo. Siku tulipomzika babu, kigoda hakikuonekana. Mimi ndiye niliyempelekea ugoro chumbani kila siku, basi mwizi nikawa mimi. Baba mdogo, ambaye alikuwa anasubiri kukikalia, alisema mbele ya waombolezaji kwamba nimekiuza. Nilikuwa darasa la saba. Sikumaliza, wala sikurudi nyumbani.

"Dada, hiki mlikipata wapi?"

"Kaka, usivuke kamba."

"Nauliza tu."

"Wote huanza hivyo."

Nikamwomba akigeuze. Nikamwambia chini kuna tundu lililozibwa kwa gunzi, babu alificha humo ugoro bibi asiuone. Alinitazama kama mtu anayeuziwa simu stendi. Hata hivyo alivaa glavu, akakigeuza. Gunzi lilikuwepo. Akalichomoa, akanusa, akapiga chafya mara mbili.

"Mzee alikileta mwenyewe," alisema akijifuta pua. "Alikuja na mkongojo. Alisema wanawe wameanza kukigombania naye bado amekikalia. Akataka tuandike cha mtawala, la sivyo anaondoka nacho."

Nilitaka kubisha. Kisha nikakumbuka kwamba wiki zake za mwisho, baada ya kwenda mjini kupima macho, babu alikuwa akikaa juu ya ndoo. Alisema kigoda kinamuumiza mgongo. Sote tuliamini kipo uvunguni mwa kitanda chake.

Nilikipiga picha, gunzi likiwa pembeni, nikamtumia baba mdogo, nikaandika jina langu na kwamba kipo makumbusho ya Iringa. Nilikuwa sijaongea naye tangu msiba. Alipiga papo hapo.

"Kumbe uliwauzia hao."

"Babu alikileta mwenyewe, baba."

"Babu yako alikuwa haoni hata mlango. Angefikaje huko?"

Nikampa dada simu. Alimwamkia kwa Kihehe, kamwene, akamweleza kila kitu taratibu: mkongojo, ugomvi wa wanawe, kibao. Nilisimama karibu nikisikiliza. Halafu nikamsikia baba mdogo akisema, sauti ya chini, ya mtu aliyepata jibu:

"Mpe huyo kijana simu."

Nikaipokea.

"Huyo mwanamke anayekutetea," aliniuliza, "ni mkeo?"