Mlio Ndani ya Miksa ya Kwaya

Mwaka ule tulikula mkoma. Si kwa kupenda. Tunda la mkoma ni gumu kama jiwe. Unalitafuna kutwa, na unachopata ni utamu kidogo na taya zinazouma. Mahindi ya msaada yalikuja na wadudu wake, tukawapika pamoja. Kule Kakuma kambini mgao ulipunguzwa mpaka mama mzima akawa anarudi nyumbani na mtama wa kufunika tu sehemu ya chini ya ndoo. Ndipo rafiki yangu akafunga mizigo arudi kwao Sudan Kusini. Alisema njaa ya nyumbani ina adabu kuliko njaa ya foleni.

Rafiki huyo ana wimbo. Alipofika Kakuma, mimi nikiwa bado naishi huko, hakuwa na kitu ila mtoto mgongoni. Wanawake waliompa maji, sufuria au mahali pa kulala aliwaweka wote ndani ya wimbo, kila mmoja na ubeti wake. Mimi niko mwisho, kwa sababu nilimpa mbuzi wa maziwa. Sijisifu. Nasema kwa kuwa ni kweli. Tatizo ni kwamba wimbo wote uko kichwani mwake peke yake. Sisi wengine tunaitikia tu. Akivuka mpaka pale Nadapal, wimbo umevuka naye. Kwa hiyo tukakubaliana urekodiwe kabla hajapanda lori.

Miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maikrofoni, ilikuwa kwangu Lodwar. Watu wa misheni walipopata mpya waliiacha ile nzee kwa kwaya ya akina mama, na kwaya wakaiweka kwangu kwa sababu nyumba yangu ina mlango wa chuma. Shule niliishia darasa la pili, lakini vitufe vyake navijua kama ninavyojua chuchu za mbuzi zangu: hiki kinatoa, hiki kimekauka. Niliifunga ndani ya blanketi, nikaipakata kwa gari mpaka Kakuma. Dereva akaniuliza, "Ata, huyo mtoto mbona halii?" Ata ni nyanya kwa lugha yetu. Nikamwambia atalia tukifika.

Na kweli alilia. Kanisa la mabati, jua limepanda, lori limeegeshwa nje na watu wanapakia magunia. Fundi, Mkongo mmoja wa hapo kambini, mtu mzima mwenye mvi, akaunganisha waya, akawasha jenereta. Spika zikatoa mlio mzito, mmmmm, kama fahali aliyefungwa zizini. Juu ya mlio kukawa na mikwaruzo kila alipogusa vitufe vya kupandisha sauti.

Akafungua miksa. Akainusa. Akanitazama.

"Mama, nani alipika humu ndani?"

Hakuna aliyepika. Mwenzetu mmoja wa kwaya, miezi iliyopita, alisikia ile mikwaruzo akaona vitufe vimekauka, akavipaka mafuta ya mkia wa kondoo, kama anavyopaka ngozi na kama anavyopaka mtoto. Siku ya kwanza viliteleza vizuri. Halafu vumbi la Lodwar likaingia, likakaa juu ya mafuta, ikawa ugali.

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Miye nimefungua mashine nyingi, Mama. Hii ya kwanza yenye harufu ya arusi." Akatafuta spiriti ya kusafishia vidonda, akapitisha kwa pamba kitufe baada ya kitufe. Mikwaruzo ikaisha. Mlio haukuisha.

Nje, dereva wa lori akapiga honi. Rafiki yangu alisimama mlangoni na shuka lake jipya la safari, anajikuna kiganja.

Fundi akashusha vitufe vyote, mlio ukabaki palepale. Akachomoa maikrofoni zote, ukabaki. Akatoka nje kutazama kile chuma cha jenereta kilichopigwa ardhini, kile ambacho stima mbaya hupitia iende mchangani badala ya kupitia mtu. Akakipiga teke. "Mchanga umekauka. Leteni maji."

Mama mmoja wa kanisa akakumbatia jerikeni yake. "Maji ya kunywa unapea chuma? Chuma imelalamika kiu?"

"Mimina," nikamwambia. "Kiu yako nitailipa mimi." Akamimina huku akitukana kwa sauti ya chini. Mlio ukapungua kidogo tu.

Mwishoni fundi akachomoa chaja ya kompyuta yake, ile anayorekodia. Kimya. Kimya kabisa, mpaka tukasikia kuku. Tulipiga vigelegele.

Alitueleza, na nilimwelewa. Miksa inakula stima ya jenereta ya kanisa, kompyuta inakula stima ya duka la jirani. Nyumba mbili, na waya wa kurekodia umeziunganisha katikati, basi stima inazunguka humo ndani ikinguruma. Alijaribu kuleta chaja kwenye jenereta. Ikapiga filimbi mbaya kuliko ule mlio. Kwa hiyo kompyuta itumie betri yake tu. Lakini betri ilikuwa nzee kama miksa.

"Aimbe haraka," akasema.

Wimbo kama huo hauimbwi haraka. Rafiki yangu alifumba macho akaanza na yule aliyempa maji. Sisi tukaitikia. Sauti ilitoka safi. Mimi lakini macho yangu yalikuwa kwenye kompyuta, kwenye alama ya betri iliyokuwa inakuwa nyekundu. Akaimba wa sufuria. Akaimba wa kitanda. Akaimba yule mama aliyemzika mtoto wake siku ileile akampa yeye nguo za marehemu; hapo sauti ikamkatika, akavuta pumzi, akaendelea. Kompyuta ikazima.

Beti nyingine zilikuwa zimeshaingia; ulikuwa umebaki ubeti wangu.

Honi tena, ndefu. Dereva akachungulia dirishani: "Mama, na mimi niko na barabara! Giza ikinikuta njiani, wewe ndio utalinda lori?"

Fundi akarudisha chaja ya dukani. Mmmmm. Akatoa kisu kidogo mfukoni. "Mama, iko dawa moja. Tunakata ule waya wa ardhi wa miksa, unaokwenda kwenye kile chuma. Mlio unakufa sasa hivi. Akimaliza, narudisha."

Nilijua kwamba kweli mlio ungekufa. Lodwar kuna mtu alishakata waya huohuo kwa sababu hiyohiyo. Miksa ilinyamaza vizuri. Halafu akina mama wakaanza kusikia maikrofoni ikiwachoma midomo, na wale wenye pete ya chuma shingoni ikigusa nguzo ya maikrofoni wanaruka. Wakasema Roho ameshuka. Watu wakapanga foleni washike maikrofoni! Nikaishika na mimi, nikawaambia Roho namjua, huyu si yeye, hii ni stima. Hawakunisikia. Jumapili moja binti aliyekuwa anaongoza aliishika baada ya kunawa, mikono ikiwa bado na maji, na mkono ukakataa kuachia mpaka jenereta ilipozimwa. Waya ukarudishwa siku hiyohiyo. Yuko hai. Vidole viwili havinyooki, na haimbi tena.

Nikaweka mguu wangu juu ya waya. "Waya haukatwi. Wimbo uingie na mlio wake."

"Mama, ni ubeti mmoja! Tena ni wako, jina lako litakuwa ndani ya kelele. Wajukuu hawatasikia vizuri."

Hapo alinipiga mahali panapouma. Nilitaka ubeti ule uwe safi kuliko zote. Nilikuwa nimeshawaambia watu Lodwar kwamba jina langu litasikika.

Rafiki yangu akaja, maikrofoni tayari mkononi, kiganja kimelowa jasho. Akanishika bega. "Dada yangu, kata tu. Mimi siogopi. Nimevuka risasi, nitaogopa waya? Nataka jina lako litoke zuri."

Lori lilikuwa limeshawashwa. Nilitazama kile kiganja kilicholowa, nikakaza mguu.

"Waya haukatwi. Wimbo uingie na mlio wake."