Besi Niliyoipiga kwa Nyayo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi mmoja wa Busia upande wa Kenya, Kiongozi wa bendi alinisimamisha mbele ya spika iliyonifika kifuani. Nilikuwa nimetoka kanisani na besi, gitaa la nyuzi nne nene. Akaniambia bluzi ni huzuni inayosemwa polepole, na roki ni huzuni hiyo hiyo ikigonga mlango, kwa hiyo nisimletee pambio. Masikio yalinivuma siku tatu. Nikaona ndiyo kazi. Nyinyi vijana mna vizibo vya masikio, sisi tungechekwa.

Tulizunguka Malaba, Tororo, hadi Rubongi karibu na kambi ya jeshi, tukiwapigia watu waliozoea rumba, na wakatuzoea. Baada ya miaka kama tisa sikio la kushoto likafa, la kulia likawa linasikia nusunusu. Sikumwambia mtu. Mpiga besi asiyesikia, nani atamweka? Na mimi, jamani, kazi nyingine sikuwa nayo wala sikuitaka.

Nikabuni ujanja: nikavua viatu. Jukwaa la mbao hupitisha mshindo wa ngoma kubwa, ile inayopigwa kwa mguu, nami nikawa naupokea kwa nyayo na kuufuata. Watu wakadhani ni madaha. Kila onyesho nilipanda nikimwomba Mungu tukute mbao, si saruji. Bahati yangu, mpiga ngoma wetu, Athieno, binti wa wakulima wa Iyolwa, mguu wake ulizidi kupata nguvu mwaka hadi mwaka.

Alasiri moja tulikuwa Tororo, uwanjani. Nimefumba macho, mshindo unanipanda miguuni, napiga kwa raha zangu. Mkono ukashika nyuzi zangu. Kufumbua macho, Kiongozi yuko mbele yangu na umati wote unanitazama. Nikaisoma midomo yake.

"Stima imepotea, ndugu. Unapiga nini?"

Magitaa na spika vilikuwa vimezimika kitambo. Ngoma haihitaji stima, kwa hiyo Athieno alikuwa ameendelea peke yake ili watu wasitawanyike, nami nikaendelea naye, nikikwaruza nyuzi zisizo na sauti. Niliona aibu, nikateremka jukwaani.

Nyuma ya jukwaa nikaanza kumwomba Kiongozi asinifukuze. Athieno akanivuta, akaniinamia sikio la kulia, akapaza sauti: "Mzee, mimi nilijua zamani. Ndiyo maana nilikuwa napiga na nguvu."

Niliacha kazi wiki hiyo, ingawa Kiongozi alinisihi nibaki. Sasa nalima mihogo. Watu huniuliza kama naujutia muziki. Hata kidogo. Najutia kunyamaza kwangu, na hofu iliyonifanya ninyamaze. Mwili ukianza kukusumbua kazini, sema mapema, kwa sababu mzigo unaouficha kuna mwenzako anaubeba.

Jumapili iliyopita nilivuka mpaka kwenda kusali Tororo. Athieno, ambaye bado anapiga na bendi, alikuwa hatua chache mbele yangu mlangoni mwa kanisa. Nikamwita jina. Nikarudia, kwa sauti kubwa. Watu wote wakageuka isipokuwa yeye.