Nyanjige na Mashine ya Kupima Damu

Nyanjige Machibya aliipenda mashine ile kupita kiasi, na alikuwa na haki. Kabla haijaletwa kwenye zahanati alikokuwa muuguzi, katika kijiji kimoja upande wa Nkololo, mjamzito aliyetaka kujua wingi wa damu yake alipanda bodaboda mpaka Bariadi mjini. Sasa ni tone moja la kidoleni, linatiwa kwenye kisahani cha plastiki, mashine inapitisha mwanga ndani ya ule wekundu, na namba inatokea kabla hamjamaliza kusalimiana.

Balaa likaja na msimu wa kuchuma pamba. Karibu kila mjamzito akawa anatoka na namba ya chini: tisa, nane na nusu. Nyanjige akawaandikia rufaa. Huko mjini wakipimwa upya wana kumi na moja, kumi na mbili, wazima kabisa! Mwisho ikaja barua: siku ya Ijumaa fundi wa vifaa tiba, Januarius, atakuja kuichukua mashine, maana inadanganya.

Nyanjige hakuamini. Aliisafisha, akaijaribu kwa sampuli ya majaribio iliyokuja nayo, ambayo namba yake inajulikana, ikajibu sawasawa.

"Sasa mwenzangu, unaniaibishia nini?" akaiuliza.

Alhamisi akaja Kwandu, mimba ya miezi saba, vidole vimekomaa kwa kuchuma pamba.

"Mwangaluka, mayo," wakasalimiana kwa Kisukuma. Sindano ikachoma, damu ikagoma. Nyanjige akakishika kidole kwenye shina, akakikamua kwa nguvu, akakikamua tena.

"Weee! Mimi si ng'ombe!" Kwandu akapiga kelele. "Kama unataka maziwa, si ungekuja na kibuyu!"

Wakacheka, lakini kicheko cha Nyanjige kikakatika njiani. Alikulia kwenye zizi la baba yake, na mikono yake ilikuwa imezoea kukamua. Chuoni waliambiwa wazi: ukikikamua kidole, maji ya mwilini yanachanganyika na damu, damu inakuwa nyepesi. Vidole laini havikuhitaji nguvu, ila hivi vya pamba alivikamua vyote. Mashine ilisoma ilichopewa. Kweli nyani haoni kundule.

Namba ilikuwa nane nukta tisa. Akauosha mkono wa pili wa Kwandu kwa maji ya uvuguvugu, akachoma ubavuni mwa kidole, akafuta tone la kwanza na la pili, akangoja la tatu lijae lenyewe. Kumi na moja nukta sita.

"Na ule mchicha wote ulioniambia nile niongeze damu?" Kwandu akang'aka. "Mwezi mzima nakula majani mpaka mbuzi wameninunia!"

Siku ya Ijumaa, Januarius akafika na boksi la kubebea mashine. Nyanjige angeweza kunyamaza, mashine iende zake na jina lake libaki safi. Lakini mficha uchi hazai. Mbele ya foleni nzima akasema, "Mashine haina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Nawakamua."

Januarius hakucheka. Alikunja mkono wa shati, akanyoosha kidole. "Nionyeshe."

Nyanjige akampima kwa njia zote mbili, namba zikapishana vibaya. Januarius akageuka kuangalia gari lake lililokuwa nje.

"Dada Nyanjige," akasema taratibu, "mle ndani nina mashine nyingine nne. Nimezikusanya tangu asubuhi, zote kutoka vijiji vya pamba. Panda mbele, tukazirudishe."