Nakhungu, Mama Anayevivisha Vitara Magunia

KITALE, 1951 – Saa mbili asubuhi, ukungu wa upande wa Cherangany bado haujaondoka vizuri, na Sellah Nakhungu ameshaketi kwenye baraza la ghala la mahindi karibu na stesheni. Miguu ameinyoosha juu ya gunia lililotoboka, na mkononi ana shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Leo mkono unashona lakini moyo hauko hapo. Kila basi linaponguruma upande wa sokoni, anainua kichwa.

Anamngoja Mwalimu Wabwile kutoka Kanduyi. Ndani ya ghala, nyuma ya rundo la mahindi, kuna kitara kimoja cha mwalimu kilichovikwa ala aliyoishona Nakhungu kwa mkono wake. Kimelala humo msimu mzima wa mvua, na leo kitatolewa. Kikiwa safi, Nakhungu atashona ala za vitara vyote vya shule. Kikiwa na kutu, au panya wakiwa wamekigusa, mwalimu ataagiza ala za turubali kutoka Nairobi, na mama huyu atarudia viraka vyake.

"Usingizi haukukuja," anasema. "Nilikuwa najiuliza, kama panya imekula tena, hii uso yangu nitaweka wapi?"

Hajachungulia hata mara moja. Si kwamba hakutaka. Jirani yake wa barazani, Bilha Nyaruai, anayeuza maharagwe na viazi, alimwambia kwamba akichungulia atamsema mbele ya soko zima, na Bilha si mtu wa kutishia bure.

Vitara vyenyewe si vya kumwaga damu. Ni vyuma virefu, vyembamba, vinavyopinda na kunyooka, na ncha yake ni butu. Wachezaji wawili huvaa kinyago cha waya, wakasimama wakitazamana, kila mmoja akitafuta kumgusa mwenzake kabla hajaguswa. Wabwile alijifunza mchezo huo jeshini wakati wa vita, na aliporudi nyumbani kufundisha, akanunua vitara kuukuu kwa mzungu mmoja wa Kitale aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao.

Taabu ilianza siku hiyo hiyo. Alipopanda basi akiwa na vyuma vitupu mikononi, abiria wawili waliteremka kwa mlango wa nyuma bila kudai nauli yao. Tena shuleni unyevu ni mwingi, na chuma kikikaa bila nguo wiki chache tu kinaanza kuwa chekundu.

Basi mwalimu akarudi Kitale kutafuta mtu wa kumshonea ala za bei nafuu. Mafundi wa cherehani walimtazama, wakatazama vile vyuma, wakacheka. Mmoja alimuuliza kama anavitaka na kola. Nakhungu, aliyekuwa akisikiliza kutoka barazani kwake, hakuona cha kuchekesha.

"Nilimwita. Nikamwambia, Mwalimu, leta hapa hizo fimbo zako za chuma. Kama ni kushona kitu refu, si mimi nashona gunia kila siku?"

Kazi ya magunia aliianza kwa ajili ya mumewe, Mukhisa, mpagazi wa ghala hilo hilo. Mukhisa alikuwa akirudi nyumbani na punje za mahindi hadi ndani ya shati, kwa sababu magunia yalikuwa yakimmwagikia mgongoni. Nakhungu akachoka kuyaokota sakafuni. Siku moja alibeba shazia akaja kuziba matundu mwenyewe, na mwenye ghala, alipoona mshono ule, hakumruhusu aondoke.

Ala yake huanzia kwenye gunia ambalo limechakaa hata halifai kupigwa kiraka tena. Hupasua upande mzima, akalikunja kwa urefu wa dhiraa mbili na ushee, kisha ndani akatandika kipande cha blanketi kuukuu ili chuma kisikwaruzwe. Mwisho wake, pale ncha inapofikia, hushonea kipande cha mpira wa baiskeli. Mdomoni hutia kamba ya katani ya kufungia. Kwa ala moja anadai shilingi moja, na magunia yaliyoharibika mwenye ghala humpa bure ili asiyaone tena.

Ala za kwanza zilimpendeza kila mtu. Hata mmoja wa wale mafundi wa cherehani alipita akazigeuza geuza, akaziweka chini bila kucheka. Lakini Nakhungu alitaka kufanya zaidi. Kwao Kimilili, kitu cha kuheshimiwa hupakwa samli. Ngozi ya kulalia hupakwa samli ili isikauke, na bibi arusi alipakwa samli mwili mzima siku ya kutoka kwa mama yake. Naye aliona vitara vya watoto wa shule ni vitu vya heshima. Akatuma nyumbani kwao, ikaletwa samli nzuri, ya manjano, akalipaka blanketi lote kwa ndani, ala baada ya ala, akiimba.

Shule ya Mwalimu Wabwile huweka vitara katika stoo ya chakula.

"Alikuja na mfuko," Nakhungu anakumbuka, na sasa shazia imesimama. "Akamwaga hapa mbele yangu. Hiyo ala yangu ilikuwa imebaki nyuzi. Hata ngozi ya kushikia, kwa mpini, imekwisha. Mwalimu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliuliza tu, Mama, ndani hapa ulipaka nini? Nikasema, samli, Mwalimu. Samli ya kwetu, safi kabisa."

Mwalimu alicheka hadi akaketi juu ya viazi vya Bilha. Nakhungu naye alianza kucheka, mpaka aliposikia kwamba vijana hawatacheza muhula mzima, maana kitara kisicho na ngozi ya mpini hakishikiki. Hapo kicheko kilimkauka. Alimpenda mwalimu yule kwa kumwamini yeye, mshona magunia, na kazi ambayo wenye cherehani waliicheka, na sasa yeye ndiye aliyewanyima watoto wake mchezo. Alirudi nyumbani jioni ile bila kumsalimia mtu njiani.

Aliyemwinua ni Bilha. Jamaa zake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri miaka mingi iliyopita, na mdomo wake haujapoa tangu wakati huo.

"Nilimwambia, Nakhungu, wewe hukushona ala. Wewe uliandalia panya karamu," anasema Bilha, akipanga viazi vyake. "Sisi kwetu ngozi tunapaka mafuta ya mbarika. Panya akilamba hiyo mara moja, atahama nyumba. Lakini ati samli ndio mafuta. Hawa watu wa ng'ombe, bana."

"Kwani mbarika inanuka vizuri?" Nakhungu anamuuliza.

"Nani alikuambia chuma ina pua?"

Bilha mwenyewe ndiye aliyekaanga mbegu za mbarika, akazitwanga na kuzichemsha hadi mafuta mazito yakaelea juu. Nakhungu akashona ala mpya moja, akaipaka mafuta hayo, akamwomba mwalimu amwachie kitara kimoja tu cha kujaribia. Mwalimu akasita. Akauliza kitawekwa wapi.

"Hapa kwa ghala letu," Nakhungu alimjibu. "Panya ya Kanduyi ni watoto. Ile kubwa iko hapa."

Mchana unakaribia Mwalimu Wabwile anapotokea, koti begani, viatu vimejaa tope la Kanduyi. Anawasalimu akina mama wote wawili kwa mikono miwili, anauliza habari za Mukhisa na za watoto, na Nakhungu anajibu kila swali huku macho yakiwa mlangoni mwa ghala. Mwishowe Mukhisa anatoka na ala mikononi, ameibeba kwa uangalifu ambao gunia la mahindi halijawahi kuupata kwake.

Kwa nje ala ina vumbi na utando wa buibui. Upande mmoja kuna alama ya jino moja, na jino hilo halikuendelea. Bilha anaiona kwanza na kuionyesha kwa kidole.

Mwalimu anafungua kamba. Anavuta polepole. Kisha anatoa leso nyeupe mfukoni, anaipitisha juu ya chuma kutoka kwenye mpini hadi nchani, na kuikunjua mbele ya Nakhungu. Leso ina mafuta. Kutu haina.

"Mama, nishonee zote," anasema.

Nakhungu anaichukua leso ile, anaigeuza upande wa pili, anaitazama tena, ndipo machozi yanapomtoka, naye anayafuta kwa leso hiyo hiyo yenye mafuta ya mbarika hadi Bilha anamnyang'anya.

Kazi itaanza kesho. Mwalimu alitaka kumtuma mtu aje azichukue ala zikiwa tayari, lakini Nakhungu amekataa. Atazipeleka Kanduyi yeye mwenyewe kwa basi, na Bilha amekubali kumlindia baraza. Tangu aanze kushona ala hizi hajawahi kuuona mchezo wenyewe, na mwalimu amemwahidi kiti mbele kabisa siku hiyo.

"Nitakaa hapo," anasema, akitunga uzi mpya kwenye shazia. "Vijana wakitoa vitara, wewe angalia nani anashinda. Mimi nitaangalia chuma."